Sauti ya Jumapili, Sauti ya Jumatatu

Somo la wiki kwa ushirika wa wafanyabiashara
Andiko la somo: Nehemia 2:1-8

Wiki hii nimeombwa nifundishe juu ya kuongea mbele ya watu katika kazi na biashara. Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja niliingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja hapa Nakuru nikiwa na sampuli ya sweta kwenye mfuko. Bodi ya shule ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafumia sweta 340. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepiga hesabu yote: uzi, stima, mshahara wa wasichana wawili wanaonisaidia kwenye mashine, na usafiri. Kila sweta ingenigharimu shilingi 980. Bei yangu niliandika 1,150.

Sasa, wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye dada anayeongoza sifa ibada ya pili, na mmeniambia mara nyingi kwamba hata maiki ikizima mtu aliye getini bado ananisikia. Lakini mbele ya wale watu saba sauti ilikauka. Niliongea mbio, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nilipofika kwa bei niliangalia meza, nikasema elfu moja mia moja hamsini, na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo nikaongeza: "Lakini tunaweza kuongea, hata mia tisa si mbaya."

Hakuna aliyekuwa ameniomba nipunguze. Mwenyekiti aliandika 900 na tukasalimiana kwa mkono.

Tenda nilipata. Zidisha mwenyewe: shilingi 80 mara sweta 340 ni shilingi 27,200, ambazo nilitoa mfukoni mwangu kuwavalisha watoto wa watu. Mwezi wa kwanza ulipita wote bila mimi kuwalipa wale wasichana, na mmoja wao ana mtoto mchanga. Mwishowe nilikopa kwa chama. Hapo, wapendwa, tusimsingizie shetani. Ni mdomo wangu.

Nimejiuliza sana kwa nini sauti ya Jumapili haikunifuata ofisini Jumatatu. Jibu la kwanza nililipata kwa Nehemia. Hebu fungua Biblia yako usome ile sura ya pili polepole. Huyu ni mtumishi, mnyweshaji wa mfalme, na andiko halifichi kwamba aliogopa sana mfalme alipomuuliza kwa nini uso wake umekunjamana. Kwa hiyo hofu si dhambi, na haikumfungia mlango. Angalia alichofanya nayo. Mfalme anauliza anataka nini. Kabla ya kujibu, Nehemia anaomba kwa Mungu wa mbinguni. Hakupiga magoti pale, hakuomba kwa sauti. Ni kitambo kidogo tu cha kimya, mfalme akiwa anangoja. Ndipo akafungua mdomo.

Na akisema, anasema kitu kinachoshikika. Anataka kutumwa Yuda. Anataja muda atakaokaa. Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa. Anajua mpaka jina la mtu wa mbao! Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu na anaongea na mfalme mwezi wa Nisani, karibu miezi minne baadaye. Alikuwa ameomba na kufunga, na ni wazi alikuwa amepiga hesabu pia. Mimi hesabu nilikuwa nayo. Kile nilichokosa ni kile kimya cha kabla ya jibu, na ujasiri wa kuacha sentensi yangu isimame ilipoishia.

Jibu la pili nilipewa na mwalimu wetu wa kwaya. Nilipomweleza yaliyonipata aliniambia, "Dada, ukiimba unapumua na tumbo. Ukiongea na wakubwa unapumua na mabega." Nilicheka, lakini nilipojiangalia kwenye kioo niliona ni kweli. Sauti ni pumzi inayopita kati ya nyuzi mbili ndogo zilizo kooni na kuzitikisa. Kwa mwanamke zinatikisika karibu mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume mara 100 na zaidi kidogo. Pumzi yenyewe inavutwa na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ukiogopa, kifua kinajikaza, unavuta pumzi fupi za juu juu, na koo linabana ili kusaidia. Ndiyo maana sauti inapanda na kuwa nyembamba, na ndiyo maana mwisho wa sentensi unazimika kama taa ya mafuta iliyoishiwa. Na mwisho wa sentensi, mara nyingi, ndipo bei ilipo.

Zoezi alilonipa ni hili. Lala chali, weka kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, pumua mpaka uone kitabu kinapanda bila mabega kusogea. Kisha toa pumzi kwa sauti ya "sss", polepole, ukihesabu. Siku ya kwanza nilifika kumi na mbili. Baada ya hapo ufanye ukiwa umesimama, na badala ya "sss" sema sentensi yako ya kazi, moja, kwa pumzi moja, mpaka neno la mwisho lisikike sawasawa na la kwanza.

Kuna jambo hapa lazima niliseme hata kama pasta atanikazia macho. Katika makanisa yetu tumezoea kudhani sauti iliyopasuka ni dalili ya upako. Mtu akihubiri mpaka akawa kama debe bovu, tunasema leo moto ulishuka. Wapendwa, wale waliopiga kelele kuanzia asubuhi mpaka mchana pale mlima Karmeli hawakuwa watu wa Eliya. Nyuzi za sauti ni nyama. Ukizigonganisha kwa nguvu kila siku zinavimba, na zinaweza kuota vinundu. Ninawaona ndugu zetu wanaouza sokoni na wale wanaoita abiria stejini: wanapiga kelele wiki nzima, wanapiga kelele kwenye kesha la Ijumaa, Jumapili wanashangaa sauti imeenda wapi. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima; maji hayapiti kwenye nyuzi zenyewe, yanafika huko kupitia mwili, kwa hiyo chupa moja unayomeza dakika tano kabla ya mkutano haikuokoi. Acha kukohoa-kohoa ili kusafisha koo, maana kila mara unazigonga. Kunong'ona kwa nguvu nako si kupumzisha sauti. Na mtu ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu aende hospitali aangaliwe koo. Tutamwombea, na bado aende.

Kwa akina dada niseme kidogo peke yetu. Nililelewa kwamba binti mwenye adabu hapazi sauti mbele ya wazee, na sijutii malezi hayo. Lakini kutopaza si kutosikika. Heshima yangu kwa mwenyekiti wa bodi iko katika kumwita mwenyekiti, kumsalimia kabla ya kufungua mfuko, na kumwachia nafasi amalize anachosema. Nikimlazimisha ainame mbele na kuuliza "Umesema ngapi?" mara tatu, hiyo haimheshimu. Inamchosha. Abigaili, kwenye 1 Samweli 25, alimwinamia Daudi mpaka chini, na bado maneno yake yalimfikia mtu aliyekuwa amefunga upanga, mbele ya wanaume mia nne wenye hasira. Alisema mengi, kwa mpangilio, akamgeuza nia.

Lugha nayo tuiangalie. Tukitaka kuonekana tumesoma tunachanganya Kiingereza, tukitaka kupendwa tunaingiza Sheng, na mteja anabaki njiani. Kwenye Nehemia 8 Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao ili aonekane, na Walawi wakawafafanulia watu ili waelewe kilichosomwa. Siku ile mimi niliwaambia wanabodi sweta ni ya akriliki, nikaendelea mbele. Nusu yao hawakujua akriliki ni nini. Ningesema tu kwamba ni uzi unaofuliwa mara nyingi bila kurudi, na unakauka upesi kuliko sufu, ningekuwa nimewaonyesha kwa nini bei ni ile. Na mahali pa kusimama pia ni sehemu ya kuongea. Bwana Yesu mwenyewe, kwenye Luka 5, aliomba mashua ya Simoni isogezwe kidogo kutoka ufuoni, akaketi, akafundisha umati. Mimi niliongea nimesimama mlangoni, feni ikivuma juu ya kichwa.

Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikijirekodi kwa simu. Usiogope ukisikia sauti yako kama ya mtu mwingine. Ukiongea unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, lakini simu inakusikia vile wengine wanakusikia. Sikiliza vitu viwili tu: je, unakimbia? Na je, neno la mwisho linafika? Mimi niligundua ninasema "yaani" karibu kila sentensi. Bado ninasema, lakini imepungua.

Kuhusu bei nimejifunza hivi: nataja, nafunga mdomo, nahesabu moyoni mpaka tano. Tano ni ndefu, ninyi jaribuni. Kile kimya ni cha mteja, anakitumia kufikiri, na mimi nakitumia kama Nehemia. Akisema ni ghali, siruki kupunguza. Namuuliza analipa lini na anachukua ngapi, maana sweta 340 zinazolipwa nusu mbele si sawa na sweta 340 zinazolipwa baada ya miezi mitatu. Mwezi wa tano nilifanya hivyo kwa mteja wa aproni za hoteli ndogo. Alinyamaza, mimi nikanyamaza, moyo ukinidunda mpaka masikioni. Kisha akauliza kama naweza kuleta Ijumaa.

Wale wasichana wawili nimeshawalipa deni lao lote. La chama bado shilingi 6,000.

Sasa ile shule imeniita tena. Wanataka sweta za mwaka ujao, na mwenyekiti ni yule yule. Bila shaka anaikumbuka ile 900. Uzi umepanda, na bei yangu safari hii ni 1,240. Nimeiandika kwa sentensi moja nyuma ya kadi ya kwaya, na nimeisema mbele ya kioo kila asubuhi wiki hii, kitabu cha nyimbo kikiwa bado kiko kitandani. Ni Alhamisi saa nne asubuhi. Niombeeni.