Masika na magamba ya konokono wa tangi

Masika yakianza, mapipa na masimtangi hujaa maji ya bure, na wengi wanaofuga konokono wa mapambo kwenye matangi ya kioo huona wamepata nafuu. Maji ya mvua hayana klorini, hayana chumvi, yanang'aa. Lakini yakitumika peke yake humla konokono gamba. Madoa meupe, ncha zilizomomonyoka na kingo zinazovunjika kwa kuguswa tu huonekana majuma machache baada ya mfugaji kuhamia maji ya paa.

Gamba karibu lote ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya mawe ya chokaa na matumbawe. Juu yake kuna utando mwembamba wa protini unaolikinga. Utando ukichubuka, maji yenye asidi huyafikia madini na kuyayeyusha, ndiyo maana uharibifu huanzia kileleni: hapo ni sehemu kongwe kuliko zote, na utando wake umechakaa. Mvua nayo hufyonza kaboni dioksaidi hewani, hata ile safi kabisa ikawa na pH ya karibu 5.6, na haina kalsiamu wala bikaboneti ya kuituliza asidi hiyo.

Ndugu mfugaji, iangalie sana hiyo bikaboneti. Wengi hupima pH tu, wakiona 7.2 wanatulia. Wakati huo bakteria wa kwenye chujio, wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitreti, huzalisha asidi usiku na mchana, na asidi hiyo hutumia bikaboneti kwanza. Maadamu bikaboneti ipo, pH haiyumbi. Ikiisha, pH huporomoka ghafla. Anayepima pH peke yake hupata habari wakati gamba limeshaanza kuliwa. Kwenye sanduku la vipimo, bikaboneti husomwa kwa herufi KH, na ugumu wa maji, yaani kalsiamu pamoja na magnesi, kwa herufi GH. Digrii moja ni kama miligramu 18 kwa lita. Kwa konokono wa jenasi ya Pomacea, wale wakubwa wa manjano wanaopendwa na wanunuzi, KH isishuke chini ya digrii 4, GH iwe kati ya 8 na 15, na pH kati ya 7.2 na 8.

Mahali ulipo pana uzito wake. Maji ya bomba ya Nairobi, mengi yakitoka milima ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini, ni laini, na huko ukichanganya na mvua unaongeza tatizo juu ya tatizo. Visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji magumu yanayofaa, ila yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni yaache. Asiye na vipimo atazame birika: ukoko mweupe ndani yake ni dalili ya maji magumu. Sabuni ya kipande ikitoa povu jingi upesi, maji ni laini.

Dawa yake ni rahisi. Nunua maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye duka la vyakula vya kuku, yaoshe, yafunge kwenye kitambaa cha wavu na uyaweke pale maji ya chujio yanapopita. Anza na konzi moja kwa lita 50, pima baada ya wiki, kisha ongeza kama KH bado iko chini. Maganda huyeyuka taratibu, na huyeyuka zaidi maji yanapokuwa na asidi, kwa hiyo si rahisi kuzidisha. Mfupa wa dome unaookotwa ufukweni hufaa vilevile. Matumbawe hai msiyavunje.

Chokaa ya kupaka ukuta isiingie kabisa tangini, kwani hupandisha pH kwa kasi ya kuua. Magadi ya kuivishia maharage nayo hupandisha pH bila kuleta kalsiamu hata chembe. Na anayetibu samaki asome kibandiko cha dawa: nyingi zina mrututu, na shaba iliyomo huua konokono kwa kiwango ambacho samaki anakistahimili.

Chakula husaidia, ingawa hakiwezi kushindana na maji mabaya. Sukuma wiki iliyochemshwa kidogo ni bora kuliko mchicha au spinachi, kwa sababu hizo mbili zina oksaleti nyingi inayoshika kalsiamu isitumike mwilini. Ongeza chakula chenye protini, kwa kuwa ule utando wa kukinga hujengwa nayo.

Sehemu iliyokwisha kuliwa haitarudi kama zamani. Gamba hukua ukingoni mwa mdomo wake, hivyo kagua ukanda mpya. Ukiwa mgumu na usio na mikwaruzo, maji yamekaa sawa. Badilisha robo ya maji kila wiki, na ukitaka kutumia mvua changanya nusu kwa nusu na maji ya kisima, kisha upime KH kabla ya kumimina.

Jambo la mwisho linawahusu majirani zenu wakulima. Mwaka 2020 konokono Pomacea canaliculata, ndugu wa hawa wa tangini, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na anaendelea kuwatia hasara wakulima kwa kula miche. Mayai yake ni ya waridi iliyokolea, yakibandikwa juu ya maji. Masika mifereji yote imefurika na inaungana. Usimwage maji ya tangi, mayai wala konokono mtaroni. Wasiotakiwa wagandishe kwenye friza au wapondeponde, kisha uwazike mbali na maji.