Kupiga Picha za Wadudu Katika Maua ya Bustani

Somo letu la mwezi huu ni la wadudu waendao katika maua, na jinsi ya kuwapiga picha hata mtu awatambue. Wengine watauliza, Kazi hiyo yamfaa nini mtu mzima aliye na shamba la kulima? Nitajibu kwa jambo lionekanalo mara nyingi huku kwetu Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Mtu huona wadudu wengi juu ya maua ya maboga yake, wala hajui ni wa namna gani. Basi huchukua bomba la dawa akawanyunyizia wote pamoja. Baada ya majuma machache hulalamika kwamba maboga yananyauka yangali madogo kama yai.

Sababu yake ni hii. Mmea wa maboga una maua ya namna mbili: la kiume, lenye unga wa manjano, na la kike, lililobeba kiboga kidogo chini yake. Unga ule ni mzito, tena wanata. Upepo hauwezi kuuchukua. Hauna budi kuchukuliwa na mdudu kutoka ua hili hata ua lile, na wakati wake ni mfupi, kwa maana maua hayo hufunuka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yamekwisha kufumba. Nyuki wakiuawa, kiboga hakikui. Hata wenye kahawa huko juu milimani Mbinga wajue ya kuwa arabika yaweza kuzaa kwa unga wake wenyewe, walakini penye nyuki huzaa zaidi.

Kwa hiyo picha yatusaidia kutambua kabla ya kuua. Jicho la mtu halimshiki mdudu arukaye. Picha humsimamisha, nawe waweza kuikuza na kuhesabu miguu na mbawa.

Simu ya mkononi yatosha. Kwanza pangusa kioo chake kwa kitambaa laini, maana simu ikaayo mfukoni huwa na mafuta ya vidole, na picha nyingi huharibika kwa hayo tu. Nenda mapema, jua likiisha kutoka lakini halijawa kali. Mwili wa mdudu hupata joto lake kwa jua, na wakati wa baridi ya asubuhi yeye ni mzito wa kuruka. Kaa upande ambao kivuli chako hakitaanguka juu ya ua, kwa kuwa kikimpita ghafula hukimbia. Piga goti, kaza viwiko juu ya goti au ubavuni, sogea polepole kama mvuvi avutaye kamba. Usikaribie mno: simu nyingi hazioni vema kitu kilicho karibu sana, afadhali kurudi nyuma kidogo, kisha ukaikata picha baadaye. Upepo wa ziwa ukitikisa ua, shika shina lake kwa vidole viwili. Gusa kioo mahali palipo jicho la mdudu, pumua, piga. Na usipige moja tu, piga kumi.

Mdudu mmoja apigwe juu, ubavuni na usoni. Ubavuni na juu ndipo mbawa zionekanapo, na hapo pana siri kubwa. Yuko mdudu mwenye mistari myeusi na ya manjano, adhaniwaye na wengi kuwa nyuki au nyigu. Mtazame katika picha: nyuki ana mbawa nne, huyu anazo mbili, macho yake ni makubwa, na pembe zake za kichwani ni fupi sana. Ni nzi wa maua. Hana mwiba, na wa jamii yake wako wengi ambao funza wao hula vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao maji ya mimea. Amwuaye huyu amewafuga vidukari. (Sulemani alimsifu chungu, nasi twamsifu, lakini katika mbaazi chungu huyo huyo huwalinda vidukari kwa ajili ya maji matamu wayatoayo, kama mchungaji na mbuzi zake.)

Ukimwona nyuki ametulia juu ya ua asiondoke hata ukimkaribia, tazama chini yake. Huenda ameshikwa na buibui wa maua, asiyetanda utando, bali hukaa na miguu ya mbele imekunjuliwa, rangi yake sawasawa na ya ua. Wako wa jamii yake wawezao kubadilika kutoka weupe hata manjano kwa muda wa siku kadha wa kadha. Mara nyingi mpiga picha hamtambui mpaka akuze picha nyumbani.

Yuko pia mharibifu wa kweli: mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya manjano au myekundu, alaye maua ya kunde na mbaazi. Huyo aokotwe, lakini si kwa mkono mtupu, kwa maana maji ya mwili wake hutia malengelenge. Hata yeye si adui mtupu, maana wadogo wake hula mayai ya panzi ardhini.

Kila picha iandikiwe tarehe, mahali, na jina la mmea. Mwenye intaneti aweza kuipeleka kwenye daftari la ulimwengu liitwalo iNaturalist, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 2008, ambapo wajuzi husaidia kutaja jina la mdudu. Asiye nayo aandike katika daftari la shule, na watoto wamsaidie; macho yao ni makali kuliko yetu.

Na upepo ukileta kungu pwani, msifunge milango tu. Livingstone alipoyaona mawingu yao mwaka wa 1861 alidhani ni moshi wa majani yanayoungua, kisha akapewa mkate wa kungu akaula. Hawaumi. Asubuhi tafuta waliotua juu ya maua, uwapige picha usoni: wa kiume ana pembe zenye manyoya mengi kama unyoya wa ndege, na wa kike zake ni nyembamba.