Khabari za Mbwa Aitwaye Pudeli, na Haki Zake kwa Mwenye Kumfuga

Jua ya kuwa watu wengi wamwonapo pudeli amenyolewa kiunoni na kuachiwa manyoya ya kifuani mfano wa simba, humdhania kuwa ni mbwa wa pambo tu, hana kazi ila kupakatwa. Dhana hii si sawa, na madhara yake humrudia mnyama mwenyewe.

Ama hukumu ya kufuga mbwa na hukumu ya mate yake, zina mlango wake katika vitabu vya fiqhi. Makusudio ya somo hili ni kueleza asili ya mnyama huyu, na yale yamlazimuyo mtu anayemweka.

ASILI YAKE. Jina lake limetoka katika lugha ya Kijerumani, Pudel, nalo latokana na neno lenye maana ya kurusharusha maji. Wafaransa humwita Caniche, kwa neno lao la bata jike. Majina yote mawili yashuhudia kazi yake ya zamani: mwindaji alipompiga bata wa mwitu ziwani, mbwa huyu ndiye aliyeogelea kumleta. Manyoya mazito yalimwelemea majini. Basi alinyolewa nyuma apate wepesi, akaachiwa ya kifuani na ya viungoni yamkinge na baridi. Kwa hivyo mnyoo ule udhaniwao kuwa ni pambo, asili yake ni vazi la kazi.

Huko Ulaya hugawanywa makundi manne kwa kimo cha bega: mkubwa, sentimita 45 hata 60, wa kati, 35 hata 45, mdogo, 28 hata 35, na mdogo kabisa, 24 hata 28. Wote ni jinsi moja.

MANYOYA YAKE. Manyoya ya mbwa wengi hukua hata yakafika kikomo, kisha hupukutika. Ya pudeli huendelea kukua, tena yamejikunja. Na unyoya uliokufa hunaswa na mengine badala ya kuanguka sakafuni. Jambo hili humpendeza mwenye nyumba, lakini ndilo mtihani wake. Manyoya yasipochanwa hufungana mafundo karibu na ngozi. Fundo huivuta ngozi kila mnyama aendapo, hushika unyevu, na chini yake huzuka vidonda visivyoonekana. Basi wepesi wa kufagia hulipwa kwa kazi ya kitana: kumchana mara nyingi kwa juma, hata kwenye shina, na kumnyoa kila baada ya majuma machache. Asiyeweza kuchana, na amnyoe mafupi. Mnyama hapungukiwi na kitu kwa kukosa umbo la simba.

KOSA LA PILI. Wako wadhanio kuwa pudeli hamdhuru mtu apatwaye na chafya au pumu kwa sababu ya mbwa. Kidhuru si unyoya wenyewe, bali ni vitu vilivyomo katika mate na magamba ya ngozi, na kila mbwa anavyo. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2011 haukuona tofauti baina ya vumbi la nyumba zenye mbwa wa namna hii na la nyumba zenye mbwa wengine.

Mfano ulio wazi ni wa Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wally Conron, aliyefanya kazi katika chama cha mbwa waongozao vipofu, alimchanganya pudeli na mbwa wa Labrador kwa ajili ya mwanamke kipofu wa Hawaii, ambaye mumewe alidhurika na mbwa. Katika watoto watatu waliozaliwa, mmoja tu ndiye aliyemfaa mume yule. Baadaye watu walizalisha mchanganyiko huo ovyo kwa tamaa ya fedha, na Conron akadhihirisha majuto yake.

AKILI YAKE. Stanley Coren, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alimweka pudeli wa pili katika jinsi zote za mbwa kwa wepesi wa kufahamu amri na kuzitii. Akili hii nayo ina haki yake: mnyama mwenye fahamu akifungiwa pweke pasipo kazi wala matembezi, hubweka na kuharibu vitu, kisha hupigwa kwa kosa lisilo lake.

KHULASA. Mwenye kutaka kumweka na ajiulize mambo matatu: Je, mkono wake utashika kitana leo na baada ya miaka kumi? Je, ana nafasi ya kumtembeza na kumfunza? Je, ameijua hali ya wazazi wake na maradhi yao? Akiona hawezi, kumwacha ni kumhurumia.