Empire State: Ghorofa 102 kabla ya Miezi 14 Kutimia

Ujenzi wa Empire State, jijini New York, ulianza Machi 17, 1930, na Mei 1, 1931 jengo likafunguliwa: ghorofa 102, urefu wa mita 381 bila kuhesabu antena. Ukiuliza siri ya mwendo huo, wengi watakutajia jasho la wafanyakazi. Jasho lilimwagika kweli, lakini kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya waliopanga kila tofali lifike lini na lipitie wapi.

Kiwanja kilikuwa cha hoteli ya Waldorf-Astoria, iliyobomolewa. Tajiri John Raskob alitaka jengo refu kuliko yote duniani, na mpinzani alikuwa jijini humohumo: jengo la Chrysler, ambalo Oktoba 1929 lilichomoza mnara wa chuma uliokuwa umeunganishwa kwa siri ndani yake, likafika mita 319. Umbo la ngazi unaloliona Empire State halikutokana na urembo peke yake. Sheria ya jiji ya mwaka 1916 ilitaka majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, ili mwanga ufike barabarani.

Chuma, tani 57,000 hivi, kilitoka viwanda vya Pittsburgh. Kila boriti ilifika na namba iliyoonyesha mahali pake na winchi ya kuipandisha. Huko juu zilifungwa kwa ribiti, kazi ya kikosi cha watu wanne. Wa kwanza alizipasha ribiti kwenye tanuri dogo la makaa hadi ziwe nyekundu, akaichukua moja kwa koleo na kuirusha. Wa pili aliidaka kwa mkebe, akaitia kwenye tundu. Wa tatu aliikandamiza kichwa, na wa nne akaigonga upande wa pili kwa nyundo ya upepo. Ribiti ikipoa hunywea, na hapo ndipo huvibana vyuma sawasawa. Mdakaji akiikosa, chini kuna watu.

Matofali milioni 10 nayo yalikuwa na njia yake. Hayakurundikwa barabarani yakasubiri toroli. Lori liliyamwaga moja kwa moja hadi ghala la chini ya ardhi, yakapakiwa kwenye vigari vya reli na kupandishwa hadi ghorofa yalikohitajika, ambako reli nyingine ndogo ziliyafikisha kwa waashi. Hata chakula kiliuzwa humohumo ghorofani, watu wasipoteze saa nzima kushuka na kupanda.

Msanifu William Lamb naye aliokoa muda kwenye madirisha. Kuchonga jiwe likae barabara na fremu ya dirisha ni kazi ya kuchosha, basi akafunika kingo za mawe kwa vipande virefu vya chuma kisichoshika kutu. Ukisimama barabarani utaviona vinang'aa kutoka chini hadi juu.

Kumbukumbu rasmi zinataja vifo vitano vya wajenzi.

Haraka yote hiyo haikuleta wapangaji. Uchumi ulikuwa umeanguka, ofisi zikabaki wazi kwa miaka, na fedha za wageni waliopanda kutazama jiji zikawa msaada mkubwa. Mlingoti wa juu, uliotangazwa kuwa gati la meli za angani, haukufaa kwa sababu ya upepo. Julai 28, 1945, ndege ya kivita iliyopotea kwenye ukungu iligonga ghorofa ya 79 na kuua watu 14, lakini fremu ilisimama.

Ukipata safari ya huko, nunua tiketi mapema kwenye mtandao. Jukwaa la ghorofa ya 86 liko nje, kwa hiyo beba koti hata kama barabarani kuna joto. La 102 limezungushiwa vioo na hulipiwa zaidi. Usiharakishe kupita ukumbi wa chini, wenye picha ya jengo lenyewe iliyotengenezwa kwa metali ukutani. Mawingu yakiwa yamefunika kilele, ahirisha: huko juu utaona weupe mtupu.