Ngome ya Dakika Moja: Matamko ya Uchawi na Uwiano wa Mchezo katika Dungeons & Dragons

Utangulizi

Katika michezo ya uigizaji ya mezani, wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafasi ya mhusika wake, na kwa kauli zao na dadu wakaijenga hadithi ambayo mwisho wake haujulikani na yeyote. Mmoja wao, msimamizi wa mchezo, huyasawiri mazingira, huwasemea maadui na huamua panapotokea utata wa kanuni. Mchezo ulioasisi utanzu huu ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka wa 1974.

Makala haya yanachunguza matamko ya uchawi ya ngazi za juu ambayo huumba ngome papo hapo, pamoja na athari zake kwa uwiano wa mchezo. Uwiano hapa una maana ya hali ambapo kila mhusika ana nafasi ya haki ya kuchangia, wala hapana mmoja anayewageuza wenzake kuwa watazamaji. Ifahamike pia kwamba mchawi katika mchezo huu si lazima awe mwovu. Ni msomi ambaye hujifunza matamko yake vitabuni. Hoja kuu ni kwamba uzito wa tamko la ngome haupimwi kwa ukubwa wa kuta zake, bali kwa kile linachowaondolea wahusika: kazi ya muda mrefu, hofu ya njaa na haja ya kutegemeana.

Ngome kama Tuzo ya Mpiganaji

Katika kanuni za mwaka wa 1978, mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 aliruhusiwa kujenga ngome na kujitwalia milki. Alihitajika kwanza kuwafukuza viumbe hatari katika eneo la maili 20 hadi 50 kuizunguka. Baada ya hapo askari walikuja wenyewe kumtumikia, na kila mkazi wa milki hiyo akamletea kodi ya vipande 7 vya fedha kwa mwezi. Kwa hivyo, ngome haikuwa jengo tu. Ilikuwa ithibati kwamba mtu wa upanga, asiyejua uchawi wowote, amepanda cheo na kuwa mtawala.

Kanuni za mwaka wa 2014 ziliendeleza wazo kwamba ngome hugharimu. Ngome ndogo ilihitaji vipande 50,000 vya dhahabu na siku 400 za ujenzi. Aidha, kila siku ambayo mwenye ngome hakuwepo kusimamia kazi, siku 3 ziliongezwa. Mhusika alilazimika kuchagua kati ya kusafiri na kujenga, na uchaguzi wa aina hiyo ndio chimbuko la mgogoro katika hadithi yoyote ile.

Ngome kwa Dakika Moja

Mwaka wa 2017, kitabu cha Xanathar's Guide to Everything kilileta tamko liitwalo Mighty Fortress, yaani Ngome Adhimu. Ni tamko la daraja la 8 kati ya madaraja 9, na mchawi hulifikia akiwa katika ngazi ya 15. Kwa muda wa dakika 1 tu, ngome ya mawe huchomoza ardhini katika eneo la mraba lenye futi 120 kila upande. Huwa na minara 4 pembeni, kuta za kuiunganisha na jumba la ghorofa 3 katikati. Watumishi 100 wasioonekana huhudumu humo, na kila siku huandaliwa karamu ya kuwatosha watu 100.

Msomaji anaweza kudhani kuwa hatari ya tamko hili kwa uwiano imo katika kuta. La hasha. Kuta zenyewe zina unene wa futi 1 tu na zinaweza kubomolewa. Hatari kubwa zaidi imo katika karamu. Historia ya pwani ya Kenya inatoa ushahidi. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, kilichowamaliza waliokuwa ndani hasa ni njaa na maradhi. Kuzingira ni silaha ya subira, na mwenye chakula kisichokwisha huipokonya silaha hiyo makali yake. Msimamizi aliyeandaa kisa cha kuzingirwa kwa ngome atakiona kisa chake kikiyeyuka kabla ya adui wa kwanza kufika.

Masharti na Bei

Hata hivyo, watunzi wa kanuni hawakulitoa tamko hili bure. Kila linapotamkwa huteketeza almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu. Baada ya siku 7 ngome hudidimia ardhini, na hutoweka pia iwapo mchawi ataumba nyingine mahali pengine. Anayetaka idumu milele hana budi kurudia tamko mahali pale pale kila baada ya siku 7 kwa mwaka mzima. Hiyo ni takriban mara 52, sawa na vipande 26,000 vya dhahabu, kiasi kinachokaribia nusu ya gharama ya ngome ndogo ya kawaida.

Vilevile, viumbe waliosimama mahali ngome inapochomoza huinuliwa bila kudhurika. Sharti hili lina maana kubwa. Katika mchezo huo huo kimo kifaa cha ajabu kiitwacho Daern's Instant Fortress, kijisanduku ambacho hugeuka mnara wa chuma na kuwaumiza vibaya walio karibu. Wachezaji wengi hukitumia kama rungu kuliko makao. Ngome Adhimu imenyimwa uwezo huo ili ibaki ngome. Watumishi wake nao hawawezi kupigana, hivyo kuta bado zinahitaji walinzi, na hapo mpiganaji anarudishiwa nafasi yake.

Fasihi simulizi imeufahamu msingi huu tangu zamani. Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Bila sindano hiyo Liyongo angebaki na nguvu, lakini hadithi yake isingekuwapo.

Bei Hulipwa kwa Muda

Udhaifu wa masharti haya ni kwamba mwaka wa ndani ya hadithi unaweza kupitishwa kwa sentensi moja mezani. Mchezaji akisema, "Mwaka umepita," na msimamizi akaitikia, bei imelipwa kwa maneno matupu. Isitoshe, mchawi wa ngazi hiyo anaweza kujisafirisha kwa tamko jingine na kurudi ngomeni kila juma. Kwa hivyo, uwiano haulindwi na kitabu peke yake. Msimamizi anapaswa kuuacha ulimwengu uende: adui ajipange, almasi ziadimike sokoni, na mwenye ardhi aje kuuliza ni nani aliyempa mgeni idhini ya kujenga. Maswali ya namna hiyo huwahitaji msemaji hodari, mpelelezi na mpiganaji, si mchawi pekee.

Hitimisho

Imebainika kuwa tamko la kuumba ngome halivunji mchezo kwa kuwa na nguvu. Huuvunja pale ambapo nguvu hiyo haina bei inayohisiwa, na pale ambapo mhusika mmoja hupata kwa dakika kile ambacho mwenzake amekitolea jasho kwa miaka. Yamkini ndiyo sababu kanuni za mwaka wa 2024 zilimruhusu kila mhusika, awe mchawi au mpiganaji, kuwa na ngome yake kuanzia ngazi ya 5, na kuiendesha kwa zamu za siku 7. Jiwe halikupunguzwa uzito. Wabebaji ndio walioongezwa.