Tumbo la Mbwa Lisilotulia

Kaa nusu saa katika duka la agrovet hapa Chepseon, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru. Atakuja mwenye kutaka dawa ya kupe, atakuja wa chumvi ya ng'ombe, kisha atakuja mtu aseme: "Mbwa wangu anahara, nipe dawa." Atapewa vidonge. Siku ya tatu choo kitashikana na nyumbani watasema mbwa amepona. Wiki mbili baadaye mbwa yuko tena nyuma ya zizi, mgongo umejikunja, anahara.

Kuhara siku moja au mbili baada ya kula mzoga ni kawaida, na mara nyingi huisha kwenyewe. Makala haya yanahusu kuhara au kutapika kunakoondoka na kurudi, au kunakopita wiki tatu. Hapo daktari wa mifugo hutafuta chanzo, na chanzo hakipatikani kwa kubadilisha vidonge kila wiki. Kinahitaji kumbukumbu.

Andika kama karani wa majani chai

Mkulima wa chai anaijua kazi hii. Majani mabichi yakifika kituoni hupimwa na kuandikwa, kilo kwa kilo, na mwisho wa mwezi daftari ndilo linaloamua. Mfanyie mbwa vivyo hivyo kwa siku 14. Andika alichokula na aliyempa, amekwenda choo mara ngapi, choo kilikuwaje, kama ametapika, na dawa aliyomeza. Waulize watoto na majirani pia, kwa sababu mbwa wa boma halishwi na mtu mmoja.

Fuatilia na uzito. Mbwa mdogo mbebe, mpande mizani pamoja, kisha utoe uzito wako. Mkubwa mzungushe kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, utie fundo inapokutana. Wiki ijayo ipime tena: kamba ikilegea, mbwa anakonda.

Soma choo

Choo kingi cha majimaji, mara chache kwa siku, huku mbwa akikonda ingawa anakula, huelekeza kwenye utumbo mwembamba. Choo kidogo kidogo cha mara nyingi, chenye ute, mbwa akijikamua na pengine kutoa damu nyekundu, huelekeza kwenye utumbo mpana. Choo cheusi kinachonata kama lami mara nyingi ni damu iliyotoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Hicho usikisubirie daftari; nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Vyanzo vya kuchunguza bomani

Minyoo. Udongo wetu una unyevu karibu mwaka mzima, na kivuli cha michai huuhifadhi. Ndivyo viluwiluwi wa safura wanavyopenda. Safura hunyonya damu, kwa hiyo mbwa huhara na fizi zake hupauka. Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2 ya umri, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa mzima hupewa kila baada ya miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo usikadirie kwa chupa ya dawa ya ng'ombe. Zoa kinyesi na ukifukie mbali na wanapochezea watoto, kwa kuwa viluwiluwi hao huingia hata katika ngozi ya mtu aendaye peku.

Mahindi mabovu. Mvua ikikataa kupisha jua, mahindi huota ukungu, na yale yasiyofaa kwa watu husagwa yakawa ugali wa mbwa. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kwa mbwa huharibu ini: hutapika, hukataa chakula, na macho yanaweza kuwa ya manjano. Mahindi yaliyooza yatupwe asipoweza kuyafikia.

Mabaki ya jikoni na machinjioni. Maziwa huwaharisha mbwa wengi wazima. Mafuta mengi huweza kuchoma kongosho. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha. Maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji yafukiwe au yachomwe, maana humwambukiza mbwa tegu ambayo mayai yake ni hatari kwa watu wa nyumbani.

Sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mboga na sumu ya panya zifungiwe. Majani chai yaliyokwisha kuchujwa nayo yana kafeini. Usiyamwage mahali mbwa anapokula.

Kumtunza nyumbani

Mbwa mzima aliye mchangamfu mpe wali laini na kuku asiye na ngozi, aliyechemshwa bila mafuta, chumvi wala kitunguu: sehemu mbili za wali kwa moja ya nyama. Gawa mara nne kwa siku. Choo kikishikana, changanya chakula chake cha kawaida kidogo kidogo kwa siku tano hadi saba. Maji safi yasikosekane. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula.

Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala panadoli. Mbili za kwanza hutoboa vidonda tumboni na kuumiza figo, na panadoli huweza kuharibu ini. Flagyl nayo, inayonunuliwa kama peremende, inaweza kukausha choo kwa muda na kuficha ugonjwa wenyewe; ikizidi huathiri neva.

Usisubiri

Mpeleke mara moja akihara damu, akitapika hata maji, akilegea, fizi zikipauka, tumbo likivimba, au ngozi ya shingoni ikivutwa isirudi haraka. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuhara damu huenda ana ugonjwa wa parvo, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Mbwa yeyote akidondosha mate, akishindwa kumeza na tabia ikibadilika, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa: huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie na uwaite wataalamu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Uende na nini

Beba daftari, pakiti za dawa alizotumia na kinyesi cha asubuhi hiyo katika chupa safi yenye kifuniko, isiyopigwa na jua. Daktari anaweza kutaka sampuli za siku tatu, kwa kuwa baadhi ya vimelea, kama giadia, havionekani katika kila choo. Vipimo visipoonyesha kitu, anaweza kuagiza aina moja ya nyama na aina moja ya wanga kwa wiki kadhaa. Mbwa wengi wasiopatana na chakula fulani huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili, ila kipande kimoja cha chapati kutoka kwa jirani kinatosha kuharibu jaribio zima.

Anayekutibia mbwa awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Humjui? Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pakiti nyingine ya vidonge, nunua daftari. Anza kuandika leo jioni, ukianzia na kilichomo kwenye sufuria ya mbwa.