ELIMU KWA WANANCHI: TONI KATIKA REDIO ZA UPEPO

Wachimbaji wadogo na walinzi wa migodi katika ukanda wa Kahama na Geita wanaotumia redio za upepo wanapaswa kuelewa kazi ya toni.

Toni ni mlio wa chini, kati ya hezi 67 na 254 hivi, unaosafiri pamoja na sauti ya msemaji. Redio iliyowekwa toni ya 88.5 hufungua spika pale tu inapopokea wimbi lenye toni hiyo. Mtambo wa kurusha tena mawimbi uliowekewa toni nao haufunguki bila toni yake, na mwito hauendi mbali.

Wengi hudhani kuwa toni huwapa njia ya siri. Sivyo. Asiyeweka toni, akiwa katika masafa yaleyale, husikia kila neno. Aidha, kikundi chenye toni nyingine chaweza kuwa hewani bila ninyi kukisikia. Mkibonyeza kitufe wakati huo, mawimbi hugongana, na mwito wa msaada kutoka kwenye duara lililoporomoka waweza kupotea.

Kwa hiyo, zingatieni yafuatayo:

1. Kabla ya kusema, zimeni toni ya kupokea kwa kitufe cha kusikilizia, mhakikishe masafa ni matupu.
2. Redio ya msimamizi isiwekwe toni ya kupokea, ili isikie kila mwito.
3. Tumieni masafa mliyoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) pekee.